Pembe ya Mimea

6 Machi 1995

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, zikukute na unga hadi kwenye nyusi kama kawaida yako. Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka na vidole vimeliwa na chaki. Natumaini tanuri linawaka, wifi yangu ni mzima na cherehani yake inakimbia, na mama hajambo. Mwambie namsalimu sana.

Leo sina shida ya kukuomba, usianze kukunja uso. Nina kisa, na kisa chenyewe kimenikaa kooni tangu mchana. Nisipokitoa kwako sijui nitakitoa kwa nani.

Mwalimu wa sayansi amekwenda kujifungua. Mwalimu Mkuu akaniita ofisini, akanikabidhi kitabu chake na darasa la nne lote. Nikamwambia mimi ni wa historia. Akasema sayansi ya darasa la nne ni kusoma kilichoandikwa tu, na kilichoandikwa nikakikuta ni kuainisha viumbe hai katika himaya tano. Mimi himaya ninazozijua zina wafalme na majeshi. Hizi zina wanyama, mimea, kuvu, bakteria, na ya tano inaitwa protista, ambayo ukimuuliza hata Mwalimu Mkuu anakumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Unanijua, siwezi kusimama mbele ya watoto nikasoma kitabu kama natangaza vifo redioni. Nikasogeza madawati katikati, nikagawa chumba. Chumba kina pembe nne na himaya ni tano, basi bakteria wakakaa mlangoni. Kila mtoto ataje kiumbe hai mmoja anayeishi nyumbani kwao, kisha aende akasimame kwenye pembe yake. Ili wasichanganyikiwe nikawapa kanuni ya haraka. Mnyama hufuata chakula chake. Mmea hukaa palepale, hupewa jua na maji, hujitengenezea chakula wenyewe. Najua kuna wanyama wa baharini wasiobanduka mwambani maisha yao yote, lakini hawa ni watoto wa miaka kumi, baharini watafika baadaye. Na hiyo kanuni unajua nimeitoa wapi? Kwa mama. Unakumbuka akirudi sokoni na kapu lake la mboga, akatukuta tumejilaza mkekani? "Nyanyukeni. Mimi sikuzaa miche."

Somo likanoga. Wakaenda na paka zao, kuku zao, mchicha wao wa uani. Mende alipata wafuasi wengi kuliko mtu yeyote. Mmoja akataja ukungu wa kwenye mkate, nikampeleka pembe ya kuvu, nikawaambia hata hamira anayotumia kaka yangu kuumua mikate ni kuvu, ni hai, inakula sukari na kupumua. Mwingine akasimama mlangoni na maziwa yao yaliyoganda. Kwa protista hakwenda mtu, nikaenda kusimama mimi mwenyewe ili pasikae patupu.

Sasa kuna msichana mmoja tunamwita Chiriku, kwa kejeli tu, kwa sababu haongei. Akanyanyuka, akatembea taratibu hadi pembe ya mimea, akageuka kutuangalia. Nikamuuliza ameleta mmea gani.

"Bibi," akasema.

Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilitabasamu, nikidhani hakusikia swali. Nikamwambia bibi ni mtu, na mtu yuko pamoja na wanyama, aende kule kwa wenye paka. Hakusogea. Akanijibu kwa sauti ndogo, bila kiburi, kama anayesoma ubaoni.

"Mwalimu, bibi hafuati chakula. Asubuhi anatolewa juani, anapewa maji, jioni anarudishwa ndani. Anakaa palepale. Wewe ndiye uliyesema."

Kicheko kilikatika, kaka. Nilisimama na chaki mkononi nisijue niiweke wapi. Kengele ndiyo iliyoniokoa, wakatoka mbio wote, na yeye akatoka wa mwisho akiwa ameinama.

Nimefadhaika mpaka sasa. Nyumba gani hiyo inayomtoa mzazi nje asubuhi na kumwingiza jioni kama chungu cha maua? Wiki hii nitakwenda kwao, na nitakayemkuta atanitambua. Namshukuru Mungu mama yetu yuko mikononi mwako. Mbusu shavuni, mwambie maneno yake ya mkekani yameingia shuleni.

Mdogo wako.


21 Machi 1995

Mdogo wangu,

Sisi huku ni wazima. Nimeandika hivyo kwa kuwa ndivyo barua zinavyoanza.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimekaa kwenye magunia ya unga, mikate ikiwa tanurini, na safu nzima ikaungua, jambo ambalo halijanitokea tangu niajiriwe. Sasa nisikilize. Kama una neno na mimi, lilete kwa jina lake. Usinizunguke kwa mtoto wa darasa la nne. Eti bibi mmoja, eti nyumba gani hiyo. Unadhani mimi ni mjinga kiasi hicho? Tangu utotoni hujui kusema jambo moja kwa moja. Ulikuwa ukivunja kikombe unaanza kwa kumsimulia mama habari za paka.

Niambie tu aliyekwambia. Ni yule mfua nguo wa nyumba ya pili? Ndiye anayechungulia uani kwetu kila akianika. Au wifi yako amekuandikia kwa siri? Nimemuuliza, akalia, akasema hata anwani yako haijui.

Basi kwa kuwa umeshaambiwa, ambiwa yote. Mama alianguka jikoni msimu wa mvua wa mwaka juzi, akaumia nyonga. Nilimbeba mwenyewe. Alipoanza kupona nikamwambia aketi, asinyanyuke, asiguse ndoo wala jiko, kila kitu ataletewa. Hilo nalo ni kosa? Anakaa kwenye kigoda chake uani kwa sababu tabibu wa zahanati alisema jua ni zuri kwa mifupa. Anaogeshwa hapo hapo kwa kopo kwa sababu bafuni kunateleza. Anakunywa uji asubuhi na jioni kwa sababu hajawahi kuomba kitu kingine. Jua likishuka wifi yako anamshika mkono, anamwingiza ndani. Haongei, ndiyo. Ni mzee, na wazee wanachoka kuongea. Mimi natoka kwenda kukanda unga watu hawajaamka, narudi mchana nimekufa kwa usingizi. Wifi yako ana nguo za watu zimejaa hadi dirishani. Wewe uko wapi? Uko huko na pembe zako.

Mama hajambo. Usiniandikie tena mafumbo.

Kaka yako.


30 Machi 1995

Kaka yangu,

Hujambo? Nakuuliza kwa dhati, maana mimi sina hakika kama sijambo.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa chumba cha walimu. Nikaenda kukaa, nikaisoma tena. Mwalimu wa hesabu akaniuliza kama kuna msiba nyumbani, nikaikunja barua nikatafuta karatasi.

Haki ya Mungu sikuwa najua. Hakuna mfua nguo, wifi hajaniandikia, na fumbo halipo. Mtoto yupo kweli, anakaa mstari wa dirishani, kola ya sare yake imechanika upande. Nilikuwa nakusimulia habari za watu baki, wewe ukanijibu habari za mama yangu.

Muda wote huu umekuwa ukiniandikia "mama hajambo", nami nasoma "mama hajambo" na kuruka kwenda habari nyingine. Sikuuliza anakula nini, anaongea na nani, anacheka na nani. Hapo sina pa kukushika. Uongo huo tuliushona wote wawili, wewe huko na mimi huku.

Sasa sikia nilichokikuta kwa kina Chiriku. Nilikwenda kabla barua yako haijafika, na hasira zangu zote, nimejiandaa kumfokea mtu. Nikamkuta bibi amelazwa kwenye godoro kando ya mlango, penye jua. Kiharusi kimemchukua mwili mzima, hasogezi hata kidole, hasemi neno. Na yule bibi ananukia sabuni, kaka. Kucha zake zimekatwa vizuri kuliko zangu. Mama yake Chiriku alikuwa anamgeuza ubavu huku akimhadithia nani kagombana na nani bombani. Anamuuliza jambo, anasubiri kidogo kama anayepewa jibu, kisha anaendelea. Na Chiriku, asiyefungua mdomo darasani, mbele ya bibi yake haufungi.

Nikamwita mtoto pembeni, nikamuuliza kwa nini alimpeleka bibi kwenye mimea. Akaangalia vidole vya miguu yake. Akasema wenzake wanamcheka njiani kwamba nyumbani kwao wamefuga maiti. Nilipoleta somo la viumbe hai akafurahi, akataka wote waone bibi ni kiumbe hai. Lakini kwa kanuni yangu bibi hakuingia kwenye wanyama. Basi akatafuta pembe itakayompokea.

"Mmea si maiti, Mwalimu," akaniambia.

Nilidhani mtoto anaanika ubaya wa nyumba yao. Kumbe alikuwa anamtetea bibi yake, na kanuni yangu ya haraka haraka ndiyo iliyombana. Kesho yake niliiandika ubaoni, nikaifuta mbele ya wote. Nikawaambia kiumbe hatolewi kwenye himaya yake kwa sababu anaumwa. Bibi wa Chiriku yuko pamoja nasi, awe anatembea au amelala, na atakayemwita maiti tena tutaonana. Chiriku alikaa wima.

Lakini mama hana kiharusi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba anashikwa mkono akaingia ndani kwa miguu yake. Asiyeweza kabisa anaongeleshwa kutwa, na anayeweza amewekwa kwenye kigoda. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Simlaumu wifi, ana mikono miwili tu. Nakuomba jambo moja. Keti naye, wewe mwenyewe, mchana, hapo uani. Muulize hali. Muulize yeye, si mtu aliye karibu naye.

Mdogo wako.


2 Mei 1995

Mdogo wangu,

Habari za huko? Nimechelewa kukujibu na sina kisingizio. Barua yako niliichana, nusu yake nikawashia tanuri. Nusu iliyobaki ilikuwa ile yenye bibi wa yule mtoto, na hiyo mkono ukagoma kuitia motoni. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni mwa aproni.

Nilikaa na hasira nyingi, nisikufiche. Kilichonivunja ni hamira. Tangu uniambie kwamba ni hai siiangalii tena kwa amani. Hamira naikoroga kwa maji ya vuguvugu, na hayo maji nayajaribu kwanza kwa mkono yasije yakaiua. Naifunika kitambaa. Narudi kuichungulia, nawauliza wenzangu imeendeleaje. Siku hiyo nikajikuta nimesimama mbele ya beseni, najiuliza ni lini nimewahi kuyajaribu kwa mkono wangu maji anayoogeshwa mama. Nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani na unga wangu mwilini.

Nilimkuta kwenye kigoda. Nikachukua ndoo, nikaipindua, nikaketi mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Mama, hujambo?"

Mama akageuka nyuma kuangalia naongea na nani.

Aligeuka kabisa, mdogo wangu. Akaangalia ukuta, akaangalia mlango, akanirudia mimi. Nikamwambia ni wewe, mama, nakuuliza wewe. Midomo yake ikacheza. Kisha akasema sijambo, na sauti yenyewe ilikwaruza kama mlango uliofungwa siku nyingi.

Nikamuuliza kwa nini hanyanyuki, nyonga bado inauma? Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba akili imenitoka mimi.

"Uliniambia nisinyanyuke," akasema. "Hujaniambia ninyanyuke."

Ndilo jibu lake lote. Nyonga ilipona zamani. Alikaa kwa sababu nyumba ni yangu na mimi ndiye niliyesema. Mwanzoni alikuwa akijaribu kusimama, wifi yako akiona anaacha cherehani na kumkimbilia kwa woga, kaa mama, mwanao atanigombeza, kaa. Akaona anatutia tabu, akatulia. Nikamuuliza na kuongea je? Akasema kila anayepita mlangoni anamuuliza mke wangu, mama hajambo? Mke wangu anajibu, hajambo. Sasa yeye aongeze nini hapo.

Mama yule yule aliyekuwa akigombana na soko zima kwa fungu moja la mchicha. Nilidhani ni uzee uliomfikisha hapo. Kumbe ni mimi, kwa kumhurumia, na mchana wote nalala upande wa pili wa ukuta. Nililia mbele yake na sikujificha. Wifi yako akatoka na pini mdomoni kuona kuna nini, akasimama pale, akazitoa moja moja, naye akalia.

Baadaye nikaleta ile barua yako ya kwanza, nikamsomea. Nilipofika pale mtoto anaposema "Bibi", mama akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akataka nirudie, nikarudia, akacheka tena palepale. Akauliza shule iko wapi, basi gani linafika huko, mtoto mwenyewe yukoje. Nikamjibu yote kwa furaha, ilimradi anaongea. Halafu nikamwambia, "Mama, nyanyuka." Akashika ukuta, akanyanyuka.

Sasa anatembea. Anakwenda hadi bombani na kurudi, kila siku na kasi yake. Uji ameukataa, anasema aliokunywa unamtosha hadi kaburini. Jana ameonja mkate wangu akasema ninaowauzia wanaununua kwa njaa tu. Wifi yako anakusalimu. Mama hajambo, na safari hii nimemuuliza.

Kaka yako.


14 Mei 1995

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo, na wifi hajambo? Wa tatu nitamuuliza mwenyewe nikifika. Shule inafungwa mwezi ujao, na siku ya kufunga ndiyo siku ya kupanda basi.

Barua yako nimeisomea jikoni, sufuria ikaungua. Naona barua zetu na moto haviendani. Niliganda pale alipogeuka nyuma. Kila nikifumba macho namwona anaangalia ukuta. Kisha nikajiuliza, mimi nimewahi kumwandikia yeye? Salamu tu, mwambie, mbusu, msalimu, zote kwa mkono wako, kama kifurushi kinachopitia kwa jirani. Ningemtumia bahasha yenye jina lake, nadhani angeigeuza kutafuta ni ya nani.

Nimefurahi hadi nimewasimulia walimu wote, na Chiriku nimemwambia kwamba kuna bibi wa mbali amecheka kwa ajili yake. Akauliza kama huyo bibi anatembea. Nikamwambia sasa anatembea.

Ila kaka, msimwachie sana. Mwili uliokaa muda wote ule hauaminiki. Atembee uani tu, na mwambie asitoke nje ya uzio peke yake mpaka nije.

Mdogo wako.


TELEGRAMU, 26 MEI 1995

MAMA HAYUPO. KIGODA KITUPU TANGU ASUBUHI. BOMBANI HAYUPO, HOSPITALI HAYUPO, POLISI HAWAJAMWONA. YUKO KWAKO? JIBU HARAKA. KAKA.


28 Mei 1995

Kaka yangu,

Bila shaka telegramu yangu imeshakufikia na umeshapumua. Mwambie wifi aache kulia, hakufanya kosa. Mama yuko hapa, ni mzima, amelala kitandani kwangu na mimi nimehamia mkekani. Sasa kaa chini nikueleze, maana mimi mwenyewe nikieleza bado siamini.

Nilikuwa na darasa la nne. Tulikuwa tumerudia pembe zetu kwa ajili ya mtihani, watoto wamesimama kila mmoja na himaya yake. Mlango ukasukumwa. Pale pale kwenye bakteria akasimama mwanamke mzee, vumbi hadi kwenye kope, ameegemea kitu ambacho baadaye nilikitambua kuwa ni mpini wa ufagio wenu. Nilimtazama kama ninavyomtazama mgeni yeyote aliyepotea ofisi. Nikafungua mdomo kumwelekeza kwa Mwalimu Mkuu. Halafu akacheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, nikamtambua. Kaka, mama yangu mzazi, na nilitaka kumwelekeza ofisini.

Yeye hata hakunisalimu kwanza. Akawauliza watoto yuko wapi aliyempeleka bibi kwenye mimea. Chumba kizima kikamgeukia Chiriku. Nikahofu mtoto atazirai. Lakini alisogea mbele mwenyewe, akasema ni mimi.

Mama akamwomba amwonyeshe pembe zote, naye akamwonyesha, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia darasani. Mama akazunguka, taratibu, mkono ukutani, mpini unagonga sakafu. Alipofika kwenye mimea akaegemea dirisha kupumzika. Akasema hapo hana haja ya kuelezwa, amekaa hapo muda mrefu. Kisha akajisukuma kutoka dirishani akavuka chumba kuelekea pembe ya wanyama, bila kushika kitu, na watoto wenye paka na mende wakampisha. Chiriku alikuwa nyuma yake ameweka mikono tayari kumdaka. Akamuuliza bibi, unafuata nini huko?

"Chakula," mama akasema. "Sijala tangu nitoke nyumbani."

Waliangua kicheko chote walichokuwa wamekibana. Mimi nililia mbele ya darasa, mwalimu mzima, na wala sikujali.

Jioni alitaka kwenda kwa kina Chiriku. Nilimwambia apumzike kwanza, akanitazama tu, tukaenda. Akaketi chini kando ya lile godoro, akaushika ule mkono usiosogea. Akasema, "Hujambo, mwenzangu?" Halafu akasubiri. Mama yake Chiriku huwa anasubiri kidogo, lakini mama alisubiri mpaka sisi tuliosimama tukaanza kuona haya. Sijui alipata jibu gani. Aliitikia kwa kichwa, akaanza kumsimulia habari za kigoda.

Nilitaka kuendelea kukueleza hali yake, lakini ameamka, amesoma juu ya bega langu, na sasa anataka kalamu.

Mdogo wako.


Mwanangu,

Nimemnyang'anya mdogo wako kalamu kabla hajakuandikia kwamba mama hajambo. Herufi zangu ni zile za madarasa ya watu wazima, zivumilie.

Nilimwambia mkeo natoka kidogo. Yeye alidhani kidogo ni bombani, kumbe ni kwenye lile basi uliloniambia. Nisingeweza kuaga vizuri. Mngeniambia niketi, na mimi mkiniambia niketi ninakaa, nimeshajijua. Mdogo wako naye alikuandikia uniambie nisivuke uzio. Mnanipenda sana nyote wawili.

Sikukimbia, usije ukajitesa kwa hilo. Siku ulipoipindua ile ndoo ukaketi, nilikusamehe kabla hujamaliza kulia. Nilitaka tu kufika mahali kwa miguu yangu. Kigoda mpe yule mfua nguo, atakitumia wakati wa kuanika. Nitarudi nitakapotaka kurudi, na mkate wako nitaula, upunguze chumvi.

Hali yangu usimuulize mdogo wako wala mtu mwingine. Niandikie mimi. Andika jina langu juu ya bahasha, uniulize hujambo, nami nitakujibu.

Mama yako.